Gia ya Tatu hadi Kisarawe

Kila Jumamosi asubuhi Blessing aliosha gari la mama yake nyumbani kwao Pangani, Kibaha. Siku hiyo alikuwa akisugua tairi la mwisho aliposikia sauti ya mama yake iliyomfanya adondoshe dodoki.

"Tito, lete funguo. Gari langu huligusi tena. Na Jumatatu urudi kijijini."

Tangu fundi atoe gia boksi ya oto iliyokufa na kufunga ya kubadilisha gia kwa mkono, gari lilikuwa likibugia mafuta. Fundi alilikagua, hakuona hitilafu wala mahali panapovuja. Mama yake, Loyce, akabaki na jibu moja: mdogo wake Tito, aliyeishi kwao akisomea umeme chuoni, alikuwa akinyonya mafuta.

"Dada, sijachukua hata tone."

Mama alizichukua funguo, akafungua mlango wa gari. "Blessing, panda. Bibi anatusubiri Kisarawe."

Njiani injini ililia kana kwamba wanapanda mlima, ingawa barabara ilikuwa tambarare, hata redio haikusikika. Blessing alishangaa. Mjomba Tito akiendesha, redio ilisikika vizuri. Akautazama mkono wa mama. Baada ya kuweka gia ya tatu, aliupumzisha mapajani kama enzi za oto.

Atamwambiaje mama kwamba amekosea? Lakini akinyamaza, mjomba ataacha chuo.

"Mama, usikasirike. Hii ni gia ya tatu. Mjomba huweka ya nne, halafu ya tano."

"Nani kakufundisha udereva, na baiskeli imekushinda?"

"Hakuna, mama. Nasikia tu injini inalia."

Mama alikaza macho mbele. Kisha akakanyaga klachi, akaweka ya nne. Gari likashtuka kidogo. Akaweka ya tano. Mlio ukashuka, na mara wakamsikia mtangazaji wa redio akicheka. Blessing naye akacheka.

Waliporudi jioni, mshale wa mafuta ulikuwa umeshuka kidogo tu. Blessing aliutazama njia nzima, hakuweza kutulia kitini.

Tito alikuwa barazani na begi lake. Mama akamwekea funguo mkononi.

"Nilikuwa naogopa kubadilisha gia," alisema. "Nilihofia zikikwaruza watu watanicheka. Blessing ameniambia ukweli: kubaki gia ya tatu ndiko kulikomaliza mafuta. Kuanzia leo, humu ndani tutachunguza kwanza, tukianzia kwetu wenyewe, kabla ya kumshuku mtu."

"Kwa hiyo nifungue begi?" Tito aliuliza.

Mama akamshika bega.

"Lifungue. Nilikuona mwizi, na wewe si mwizi. Nisamehe, mdogo wangu."