Misumari Minne ya Tangazo

Benchi la wageni lilikuwa limelowa, na mvua haikuwa imenyesha kwa miezi mitatu.

Karani wa masjala alilifuta kwa gazeti, akanusa vidole vyake, akasema mgeni wa leo lazima ametoka kuchimba kisima. Kisha akamwonya afisa mipango miji, ambaye ofisi nzima ilimwita Mama Mhuri, asije akalikalia na sketi yake nzuri. Mama Mhuri alicheka. Aliingia chumbani kwake, akafunga mlango wa kioo cha ukungu, akavuta jalada la kwanza. Ndipo aliposikia mlio wa nyundo. Mara nne, polepole, kama mtu anayepigilia misumari na ana siku nzima ya kufanya hivyo. Sauti ilitoka kwenye droo yake ya chini.

Hakuifungua. Alijua kilichomo.

Miezi minne nyuma, mwalimu mkuu wa shule anayosoma binti yake alikuwa amekuja na ombi. Darasa la tatu walikuwa wanasomea barazani, wakihama na madaftari yao kila jua lilipowafuata. Nafasi pekee ya kujenga ilikuwa nyuma ya shule, kwenye ukanda wa hatua kumi ambao ramani ya zamani iliuzuia. "Paachwe wazi," iliandikwa, bila sababu. Kujenga hapo kulihitaji kibali maalumu, na kibali hicho kilikuwa na utaratibu wake: tangazo lipigiliwe kwa misumari minne palepale, likae siku thelathini, na siku ya mwisho afisa asimame pale aulize kwa sauti, mara tatu, kama kuna mwenye pingamizi. Vijana wa ofisini waliicheka sana hiyo ya kuuliza. Wengine waliuliza wakiwa ndani ya gari, vioo vimepandishwa.

Mama Mhuri hakuuliza hata ndani ya gari. Nyuma ya ukanda ule hapakuwa na jirani, ni vichaka tu na kisima kilichofukiwa zamani. Nani angepinga watoto kupata darasa? Tangazo na misumari yake akavitia kwenye droo, akaandika kwenye jalada: Limebandikwa siku thelathini. Hakuna pingamizi. Akagonga mhuri. Siku ile alijiona mtu mwema, na hilo ndilo lililomuuma zaidi baadaye.

Darasa likajengwa, likapakwa rangi ya samawati. Watoto walihamia siku ya Ijumaa. Jumatatu benchi likalowa.

Mgeni alisema siku hiyohiyo, saa sita mchana, karani alipokwenda kula. Harufu ya udongo wa kisimani ilipita chini ya mlango. Nyuma ya kioo kilionekana kivuli cha mtu aliyekaa, na ingawa amekaa, kichwa chake kilifika kizingiti cha juu cha mlango.

"Nimeleta pingamizi," ikasema sauti.

Ilikuwa sauti ya mtoto. Nzito, ya kukwaruza, yenye kicheko kilichojificha mwishoni. Mama Mhuri aliitambua: ilikuwa ya binti wa fundi cherehani, rafiki wa bintiye, ambaye shule nzima ilimwita Kishindo kwa sababu akisoma yeye, madarasa mengine hunyamaza. Alipofungua mlango hapakuwa na mtu. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye benchi, tone moja moja.

Jioni, akivua viatu, bintiye alimpa habari za siku. Huyu nyumbani walimwita Kasuku, maana mdomo wake haukujua kupumzika. Alisema Kishindo amekaukwa na sauti. Anafungua mdomo lakini hakitoki kitu, na mwalimu anasema ni mafua.

"Wewe unakaa wapi darasani, mwanangu?" mama aliuliza.

"Mstari wake huohuo. Yeye dawati la kwanza, mimi la tano. Mama, mbona umenikazia macho hivyo?"

Angeweza kusema wakati ule. Angeweza kumpigia mwalimu mkuu simu, watoto wakarudi barazani kesho yake. Lakini kusema kulikuwa kumfungulia mkurugenzi jalada lenye uongo, na miaka kumi na tisa ya kazi ingeishia pale. Akajiambia ni mafua. Akampa bintiye maji ya moto anywe.

Jumanne mgeni alikuja na sauti ya dawati la pili, Jumatano na ya tatu, Alhamisi na ya nne. Alhamisi hiyo Mama Mhuri alipita shuleni akasimama dirishani, akaona watoto wanne wa mstari wa ukutani wakisoma pamoja na wenzao, midomo ikifunguka na kufumbika kwa wakati, shingo zikijikaza, na Kishindo pale mbele akimtazama moja kwa moja kama mtu anayejua deni lake liko kwa nani, huku ukuta mpya nyuma yake ukiwa umelowa kuanzia chini hadi usawa wa bega la mtoto. Mwalimu mkuu alimwambia kwa sauti ya chini kwamba wazazi wameanza kunong'ona. Alimwuliza kama kulikuwa na kitu chochote kuhusu eneo lile. Mama Mhuri akasema hapana, kila kitu kilifuatwa.

Ijumaa hakumpeleka Kasuku shule. Alimfungia nyumbani na shangazi yake, akaenda kazini akiwaacha watoto wa wenzake waende.

Saa sita harufu ilikuja.

"Mama," ikasema sauti nyuma ya kioo, nyembamba, ya haraka, ile inayomwamsha kila asubuhi, "nimeleta pingamizi."

Alikimbia hadi nyumbani. Kasuku alikuwa amesimama katikati ya sebule, mikono kooni, mdomo wazi.

Mchana huohuo alimtafuta mpima ardhi mstaafu aliyeichora ramani ile. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, hakushangaa.

"Mimi niliuliza mara tatu kama inavyotakiwa," alisema. "Nikajibiwa. Ndiyo maana nikaandika paachwe wazi."

"Anataka nini, baba? Nimpe nini?"

"Hataki cha kupewa. Anataka asikilizwe. Wewe ulimnyima sauti, akaenda kuazima za watoto. Kapigilie tangazo, umwulize, uandike neno lake. Kisha uandike na lako, ulilofanya lote. Usibakize."

Saa kumi, watoto walipokwisha kuondoka, alipigilia misumari minne kwenye mlango wa darasa la samawati. Aliuliza mara ya kwanza, upepo ukasimama. Aliuliza mara ya pili, ukuta ukaanza kutoa maji. Alipouliza mara ya tatu, sauti tano za watoto zilimjibu kwa pamoja kutoka chini ya sakafu, zikieleza kwa utulivu kama wanafunzi wanaojibu swali, kwamba hapa palikuwa mlango wa nyumba, kwamba ndani mlikuwa na wazee na wachanga, kwamba tangu zege limwagwe hawatoki wala hawaingii, na kwamba walisubiri siku thelathini waulizwe na hakuja mtu. Aliandika neno kwa neno, fomu ya pingamizi ikilowana chini ya kalamu. Chini yake akaandika la kwake: sikubandika tangazo, sikuuliza, niligonga mhuri juu ya uongo. Akafika pale fomu inapouliza ni lini aligundua madhara. Kalamu ikasimama. Aliwaza uso wa fundi cherehani akisoma: Jumatatu. Akaandika: Leo.

"Umeandika yote?" zikauliza sauti.

"Yote," akasema.

 Kisha harufu ikaondoka.

Jumatatu alimpelekea mkurugenzi karatasi ile, akasimamishwa kazi. Darasa likabomolewa wiki hiyohiyo, mwalimu mkuu akiangalia matofali, na watoto wakarudi barazani kulikimbia jua. Siku nguzo ya mwisho ilipong'olewa, watoto wa dawati la pili, la tatu na la nne walisema tena. Wazazi walilia kwa furaha.

Asubuhi iliyofuata Kasuku aliamka akamshika mama yake mkono.

"Mama, nina njaa."

Sauti ilikuwa nzito, ya kukwaruza, yenye kicheko kilichojificha mwishoni.

Mama Mhuri aliitambua tena. Dirishani alimwona fundi cherehani akipita amemshika Kishindo mkono, mtoto akifungua mdomo na kuufumba, baba akiinama kumsikiliza asisikie kitu. Droo ya jikoni ikagonga mara nne. Harufu ya udongo wa kisimani ikapita chini ya mlango wa mbele, na nje, kwenye benchi la baraza, sauti nyembamba, ya haraka, aliyoifahamu tangu neno lake la kwanza, ikauliza bila hasira yoyote:

"Mama, uligundua lini?"