Asumini za Bi Fatu

Kila asubuhi mwaka ule wa 1986, kabla ya kwenda shule, Shekha alichota maji kisimani akamwagilia asumini za shangazi yake, Bi Fatu. Pale Mambrui, waliotaka vikuba vya harusi, vile vishada vya maua ya kunukia, walianzia kwake.

Siku moja alikuta shina moja limenyauka, ingawa udongo wake ulikuwa na unyevu. Shekha aliingiwa na hofu. Wiki tatu nyuma, mpini wa jembe lao ulikuwa umelegea, naye hakutaka kungoja utengenezwe. Alipalilia kwa jembe la jirani yao Lewa, likiwa limegandwa na udongo wa shambani kwake. Asumini za Lewa zilikuwa zimekauka zote, na shangazi alikuwa amemkataza asiliguse jembe hilo.

Akaliongezea shina maji, akanyamaza.

Baada ya siku chache yalinyauka matatu, kisha tisa. Shekha aliweka samadi, akaweka majivu, akamwagilia hadi jioni. Hakuna kilichosaidia. Majani yaligeuka manjano mbele ya macho yake.

Bi Fatu alimwita bwana shamba, Musyoka. Alipasua shina kwa kisu, akawaonyesha mistari ya kahawia ndani.

"Huu ni ukungu, mama. Hukaa udongoni, huingia mizizini na kuziba njia za maji. Hauna dawa. Ng'oeni yote mchome, na msipande asumini hapa tena."

"Na yale mashina matano ya nyuma ya nyumba?" aliuliza Bi Fatu.

"Siwezi kujua. Sijui ugonjwa umeingiaje."

Bi Fatu alikaa kizingitini. Shekha alishindwa kumtazama.

"Shangazi, ni mimi. Nilipalilia kwa jembe la Lewa. Lakini huku tu, nyuma sikulifikisha."

Musyoka aliitikia kwa kichwa. "Basi ya nyuma huenda yakapona. Msipeleke huko jembe wala kiatu chenye udongo wa huku."

Walichoma mashina siku nzima. Shekha alilia; shangazi hakumgombeza wala hakumbembeleza.

Mvua za vuli zilipokuja, yale matano yalichanua. Bi Fatu alimpa Shekha kikapu cha kuchumia.

"Mwanangu, kukosa tunakosa sote," alisema. "Lakini ungeniambia lilipokuwa shina moja tu, huenda tungeling'oa hilo moja. Ukikosea, sema mapema, kungali na kitu cha kuokoa."

"Nimesikia, shangazi," alijibu Shekha, wakaanza kuchuma.