Lipu ya Chumba cha Bi. Zuhra

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha jiko la vitumbua, Mwanaidi alizoa ukuta kwa ufagio. Udongo ulidondoka usiku kucha kwenye chumba cha mama mkwe wake, Bi. Zuhra. Asubuhi ulikuwa umejaa sakafuni, na mwingine juu ya shuka.

Nyumba yao ilikuwa Nyasubi, mjini Kahama. Baba mkwe aliijenga zamani kwa tofali mbichi za udongo. Kuta zake zilikuwa pana, na zilikaa miaka mingi bila shida. Kisha, mwaka 1993, Ibrahimu, mume wa Mwanaidi, alirudi kutoka machimbo ya Geita akiwa na pesa kidogo. Waliopata dhahabu walikuwa wakijenga nyumba za saruji. Ibrahimu naye alitamani, lakini pesa haikutosha nyumba mpya. Akaivika nyumba ya udongo lipu ya saruji, nje pande zote. Alitembea kifua mbele wiki nzima.

Miaka mitatu ikapita. Lipu ikapata nyufa upande wa nyuma, kilipo chumba cha Bi. Zuhra. Ukiigonga, ililia kama debe tupu, na ndani ukuta ulikuwa na unyevunyevu.

"Tupige nyingine, nzito zaidi," alisema Ibrahimu. "Saruji nyingi, mchanga kidogo. Huu ni Agosti, mvua haziko mbali."

"Na hiyo nayo ikidondoka?"

"Ikidondoka, mama ataenda Tabora kwa dada yangu. Chumba kitakuwa hakikaliki. Pesa tuliyonayo ni ya mara moja tu, mke wangu. Unajua."

Bi. Zuhra alikuwa mlangoni akichagua mchele. Alisikia kila neno.

"Tabora nitamjua nani?" aliuliza. "Hata jirani wa kumwomba chumvi sina."

Mwanaidi aliketi kumsaidia kuchagua. Lakini swali moja lilimkaa kichwani. Mvua inanyesha nje, na nje kuna saruji. Maji yanayolowesha ukuta yanaingilia wapi?

Alikwenda nalo hadi duka la vifaa vya ujenzi la Lataben. Wateja walimwita Mama Ankit.

"Shikamoo, Mama Ankit. Nataka bei ya saruji. Na nataka kujua kwa nini lipu ya saruji inaachia ukuta."

"Marahaba. Bei ninayo. Hilo la pili muulize fundi Bujiku, huyo hapo anasubiri misumari."

Bujiku alikuwa Msukuma mtu mzima, mwenye mikono iliyokauka kwa chokaa. Aligeuka, akamwita mama kwa Kisukuma.

"Ukuta wako ni wa nini, mayu?"

"Tofali mbichi."

"Basi usinunue saruji."

"Bujiku!" Lataben alipiga meza. "Unanifukuzia mteja dukani kwangu!"

"Simfukuzi. Chokaa si unauza pia?"

"Chokaa?" Mwanaidi alicheka. "Ile tunayopaka nyumba ikikaribia Idi?"

"Hiyo hiyo. Ukiichanganya na mchanga ni lipu. Kuta za duka hili ni za udongo, na lipu yake ya nje ni ya chokaa. Gusa uone."

Mwanaidi alitoka nje akagusa. Ukuta ulikuwa mkavu, na lipu haikuwa na ufa.

"Udongo hautulii," Bujiku alieleza. "Ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa. Saruji ni ngumu, haiufuati. Inapasuka. Maji yanaingia kwenye ufa mwembamba kama unywele. Mengine yanapanda kutoka ardhini. Yakishaingia, saruji inayafungia ndani, na ukuta unalainika taratibu. Chokaa inaacha unyevu utoke, ukuta unakauka wenyewe."

Jioni Mwanaidi alimweleza mumewe. Ibrahimu alinuna.

"Mimi nimechimba mawe Geita. Saruji ndiyo ngumu. Chokaa ni rangi."

"Basi tujaribu."

Mwanaidi alichukua vipande viwili vya tofali mbichi. Kimoja alikipaka lipu ya saruji, cha pili lipu ya chokaa, pande zote isipokuwa chini. Alivifunika kwa gunia bichi siku kumi. Kisha akavisimamisha kwenye mchanga uliolowa usiku mmoja, vinywe maji. Mwisho akaviweka kivulini, juu ya ubao mkavu, siku tano.

"Sasa nyumba yangu imekuwa maabara," Ibrahimu alilalamika. Lakini kila akitoka kazini alipita kuvitazama.

Siku ya tano alichukua nyundo mwenyewe. Akapasua cha chokaa. Ndani udongo ulikuwa mkavu, ukapukutika. Akapasua cha saruji. Nje kilikuwa kigumu sana. Ndani kulikuwa na tope, likamganda vidoleni.

Ibrahimu alilifikicha tope lile kati ya vidole.

"Kumbe unyevu niliufunga mimi," alisema. "Mwite huyo fundi."

Bujiku alikuja na futi kamba. Mwanaidi alishika ncha moja.

"Usiulize kwanza bei ya mfuko," alisema Bujiku. "Uliza bei ya ukuta mzima."

Walipima kuta mbili mbovu. Wa nyuma, mita nane kwa tatu: mita za mraba ishirini na nne. Wa pembeni, sita kwa tatu: kumi na nane. Jumla arobaini na mbili. Wakatoa mbili za madirisha, zikabaki arobaini.

"Mfuko mmoja wa chokaa unafika mita tano," Bujiku alisema. "Utataka mifuko minane."

"Kwa shilingi elfu mbili na mia mbili, ni elfu kumi na saba na mia sita," Mwanaidi alikokotoa. "Na saruji?"

"Mifuko sita. Kwa elfu tano, ni elfu thelathini."

"Chokaa ni rahisi hivyo!" Ibrahimu alishangaa.

"Subiri. Ujira wangu ni elfu moja mia tano kwa siku. Saruji ni siku nne: elfu sita. Chokaa haitaki haraka, ni siku kumi na mbili: elfu kumi na nane."

Mwanaidi alijumlisha. Saruji, thelathini na sita elfu. Chokaa, thelathini na tano elfu na mia sita. Mchanga ungekuwa bei ile ile.

"Tofauti haifiki bei ya kilo ya sukari," alisema.

"Ndiyo," Bujiku alijibu. "Sikudanganyi kwamba ni bure. Ila hutailipia tena baada ya miaka mitatu."

Kazi ikaanza. Walibandua saruji yote ya kuta hizo mbili, wakauacha ukuta ukauke wiki mbili. Waliziba mashimo kwa udongo, wakachokora vishimo vidogo ili lipu ishike. Bujiku alichanganya ndoo moja ya chokaa na ndoo tatu za mchanga.

"Watoto wakae mbali," alionya. "Chokaa inaunguza macho. Ikikuingia, osha kwa maji mengi, nenda zahanati."

Kila tabaka lilikuwa jembamba. Kabla ya kupaka walilowesha ukuta kidogo. Baada ya kupaka, Mwanaidi alitundika magunia mabichi ili jua lisiikaushe haraka. Ibrahimu aliondoa udongo uliorundikana chini ya ukuta, akachimba mfereji wa kupeleka maji mbali.

Mvua kubwa ya kwanza ilikuja mwishoni mwa Novemba. Ilinyesha siku mbili. Siku ya tatu jua lilitoka. Mwanaidi aliingia chumbani na ufagio. Sakafu ilikuwa safi. Aliweka kiganja ukutani, juu, kisha chini. Pakavu.

Nyuma yake Bi. Zuhra alikuwa ameketi kitandani.

"Mwanangu, kalamu unayo?"

"Ninayo, mama."

"Mwandikie wifi yako wa Tabora. Mwambie siji. Akinikumbuka, apande basi aje yeye, na watoto wote. Watalala humu kwangu."