Jina la Nyumbani

Jumamosi ile soko la Lexington lilifurika watu, na mvuke wa kaa waliopikwa kwa pilipili uliwachoma watu pua hata kabla hawajazifikia meza. Verlene Tisdale, bado kavaa sare yake ya bluu ya hospitali na viatu vyeupe vya mpira, alikuwa nyuma ya pande la mtu lenye koti la ngozi rangi ya asali.

"Kaka, unanunua au umekuja kuziba mwanga?"

Yule mtu akageuka, akacheka. "Nimepata andazi la kaa la mwisho, dada. Tugawane?"

"Nigawane na mtu nisiyemjua jina?"

"Cortland Mabry. Nachezea Herons, mpira wa Kimarekani."

"Mpira siutazami mimi."

"Afadhali. Wanaoutazama hunitukana kila Jumapili."

Wakala wamesimama, haradali ikimchuruzika Verlene kidoleni. Mwezi ulipokwisha, hakuna aliyelala bila kuisikia sauti ya mwenzake kwenye simu.

Alasiri moja, kwenye benchi la bustani, Verlene alimsimulia habari za kaka yake. Deshay alisimamishwa na polisi miaka minne iliyopita, kwa sababu ya taa ya gari iliyoungua. Akaambiwa atoe leseni. Akapigwa risasi mkono ukiwa bado mfukoni. Aliyemuua hakushtakiwa.

"Nyumbani tulimwita Karanga," alinong'ona Verlene. "Hata mchungaji hakulijua jina hilo."

Jambo jingine alilimeza. Tangu msiba ule, kila saa kumi na mbili jioni, saa aliyokuwa akirudi Deshay kutoka kazi yake ya kinyozi, kidato cha tatu cha ngazi yao kililia kwii, kama kimekanyagwa. Verlene alikisikia. Mama yake, Bi Earline, naye alikisikia, maana wakati huohuo alisogeza sufuria jikoni na kufuta kiti kimoja kwa aproni. Mama na mwana hawakuwahi kuulizana.

Jumapili iliyofuata, wimbo wa taifa ulipoanza, wachezaji wote wa Herons walisimama na mikono vifuani. Cort alipiga goti peke yake, kupinga mauaji ya polisi. Uwanja ukazomea kama nyuki waliochokozwa. Kamera ikamsogelea, ikashuka hadi kiatuni, na pale juu ya plasta nyeupe aliyokizungushia palikuwa na neno moja kwa wino mweusi: KARANGA.

Jumatatu asubuhi waandishi, baada ya Cort kuwaambia Karanga ni nani, walijaa kwenye vipandio vya marumaru vya mlangoni, vile Bi Earline alivyovisugua kila wiki. Redioni mtangazaji alicheka, akasema karanga ikimenywa haina kesi. Saa kumi na mbili jioni Bi Earline alishika kitambaa, akangoja. Ngazi haikulia. Jumanne pia kimya.

Simu ikaita.

"Laazizi, mbona hupokei? Nilimpigia goti kaka yako mbele ya watu elfu sitini!"

"Nani alikutuma?"

"Verlene..."

"Goti ni lako, Cort, piga hata kila siku. Lakini jina lile lilikuwa la mezani kwetu! Sasa lipo mdomoni mwa kila mlevi. Na yeye haji tena."

"Nani haji?"

Verlene akakata simu. Ndiyo kwanza alikuwa amelitaja kwa sauti jambo la ngazi. Alipogeuka, mama yake alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni.

"Kumbe nawe ulikuwa ukimsikia," alisema Bi Earline.

Alhamisi Cort alikuja mwenyewe, shati jeupe limepigwa pasi, kofia mkononi. Bi Earline alimwacha amesimama muda mrefu.

"Kijana, wewe kwenu wanakuitaje?"

"Cortland, Bi Earline."

"Sikukuuliza la kwenye cheti. La nyumbani."

Cort akatazama chini. "Sina. Nimelelewa nyumba saba za watu. Sikukaa kokote hadi nikapewa jina. Verlene aliponiambia la kaka yake, nililiona zuri kuliko yote niliyowahi kusikia. Nikadhani kitu kizuri hivyo lazima kionyeshwe."

Bi Earline akavuta kiti, akaketi kwa uzito. "Hukujua, basi. Hukujua, lakini umeliharibu." Akapangusa macho kwa upindo wa aproni. "Jumapili utapiga goti tena?"

"Wamesema nikipiga, kazi sina."

"Nimekuuliza utapiga?"

"Nitapiga."

"Basi piga kwa ajili ya hao wanaosimamishwa leo. Wangu niachie. Ukimaliza, uje ule."

Jumapili Cort alipiga goti, viatu bila neno lolote. Verlene alikuwa jukwaani kwa mara ya kwanza maishani, gauni la manjano, mkoba kaupakata. Mama mmoja wa Kizungu aliyevaa sweta la Herons alimfokea, "Simama! Huna heshima?" Verlene akabaki kitini mpaka mwimbaji akamaliza.

Jumatatu mchana Cort alipiga simu.

"Wamenitoa. Kuna timu Kanada, Hamilton, wananitaka."

"Baridi ya huko utaiweza, jitu la kudeka kama wewe?"

"Nikiwa peke yangu, hapana. Nioe, Verlene."

"Mwanamume ndiye anayeoa, mjinga wewe!" Akacheka na kulia pamoja.

"Basi nikuoe. Unakubali?"

Verlene aliishusha simu kidogo sikioni. Alimsikia mama yake sebuleni, akivuta kiti karibu na ngazi kama alivyofanya tangu wiki ile, akikaa kusikiliza mapema, mchana kweupe, asije akapitwa.

"Nakubali," alisema. "Lakini si Hamilton, si sasa. Nenda ukacheze. Mimi nitakaa hapa na mama mpaka aache kusikiliza."

"Na asipoacha?"

"Basi utarudi wewe, Cort. Utakaa nasi humu, ngazi ikiwa kimya hivihivi, na hutatuomba tuzungumze."

Cort akasema, "Nitarudi."