Sangari Shingoni

Kila Jumatano darasa la sita walilima shamba la shule kwa ntumba, kama Wafipa walivyolima tangu zamani. Unafyeka nyasi, unazilundika, unazifunika kwa udongo mpaka pawe na kichuguu cha duara, ndiyo ntumba yenyewe, halafu unapanda maharage juu. Nyasi huoza, zikawa mbolea.

"Ng'oeni sangari kwanza," alionya Mwalimu Zenon Jumatano moja. "Gugu hilo halifukiwi."

"Nadhira apumzike," alisema Kelvin, mwanafunzi mwenzake. "Kioo hicho, kitavunjika."

Nadhira alishika jembe. Mwaka mzima alikuwa Dar es Salaam akitibiwa saratani ya tezi za shingo. Alipona, nywele zikaota, akabaki na kliniki kila miezi mitatu. Huruma ndiyo iliyomchosha. Alilima kwa hasira, akafukia kila alichokikuta, sangari na yote.

"Kioo kimemaliza ntumba nne," alisema. "Wewe ngapi, mshikaji?"

"Mbili," alidakia rafiki yake Atusaye, "na moja imelala."

Watoto walicheka. Lakini Atusaye alikuwa ameona jambo. Kila ntumba ilipokwisha, mkono wa Nadhira uliingia chini ya hijabu, ukapapasa shingo. Wakati wa kunawa alimfuata bombani.

"Una nini hapo?"

"Hakuna kitu."

"Nadhira."

Nadhira alichukua kidole cha mwenzake, akakiweka kwenye uvimbe, mgumu kama punje ya harage. "Siku ya tisa leo. Wakijua watanirudisha Dar. Wenzangu wako la saba, nami nipoteze mwaka tena? Sitaki."

"Mwambie mama yako leo. Usiposema, nitasema mimi."

"Usithubutu. Nitasema mwenyewe."

Jioni, nyumbani kwao Majengo, Nadhira alivua shali aliyojifunga shingoni, ambayo kwa baridi ya siku hizo hakuna aliyeishangaa. "Mama, shika hapa." Mama yake, Mwanamvua, aliupapasa uvimbe, kisha akaitafuta kadi ya hospitali. Nadhira aliificha mikono yake mgongoni.

Kesho yake hospitalini daktari alimpima damu, akampiga picha ya shingo, kisha akamfungua kinywa. Jino la nyuma lilikuwa limeoza na kutunga usaha, nalo ndilo lililoleta uvimbe. Liling'olewa, akapewa dawa. Baada ya wiki mbili uvimbe ulikwisha.

"Kumbe uliogopa bure," alisema Kelvin shambani.

"Sikuogopa bure. Nilinyamaza bure."

Mwalimu Zenon, aliyekwisha kusimuliwa yote, aliwaita kwenye ntumba nne za Nadhira. Sangari ilikuwa imetoboa udongo, kijani kibichi, ikiyasonga maharage.

"Nyasi ukizifukia huoza," alisema. "Sangari ukiifukia umeipanda. Hofu ni sangari, wanangu. Itarudi, na si aibu ikirudi. Ukiiona, itoe nje, mwonyeshe mtu, hata kama hujui mzizi wake umefika wapi. Safari hii ni jino. Ingekuwa saratani, zile siku tisa ungekuwa umeipa ikue."

"Kliniki ni tarehe kumi na nne Juni," alisema Nadhira. "Nitawakumbusha nyumbani mimi mwenyewe."

Kisha akapiga magoti, akaanza kung'oa.