Magadi Yaliyomiminwa kwa Pupa

Kila Jumamosi asubuhi, Kiherehere alifuatana na mama yake hadi maabara ya chuo. Jina hilo alibandikwa na bibi yake, kwa kuwa mjukuu huyo alitaka kila jambo liishe kabla halijaanza. Mama alikuwa mkemia aliyetafiti kichocheo cha shaba na zinki, yaani unga unaoharakisha mabadiliko ya kemikali bila wenyewe kuisha.

"Haya ni mashapo yatakayochomwa yawe kichocheo," mama alieleza huku akimvika miwani na glavu. "Katika chupa ya kwanza nilimimina maji ya magadi kwa mkupuo mmoja. Katika hii ya pili yanadondoka tone kwa tone. Vipimo ni vilevile, ila njia ni tofauti. Jumatatu mashine itanionyesha kama njia hubadili mpangilio wa chembe. Zamu yangu ya kuitumia nimeingoja miezi miwili. Linda bomba hili linalodondosha magadi, wala usiliguse. Nipo chumba cha pili, nasahihisha mitihani."

Matone yaliangukia maji ya buluu yenye shaba na zinki kwa madaha, kama bi harusi asiyetaka kufika.

Ghafla kichwa cha Kijiti, mtoto wa mlinzi, kilizuka dirishani. "Wee! Kamba ya kuruka imepatikana! Au umeajiriwa kuhesabu matone?"

"Ngoja kidogo!"

"Kidogo chako kitaisha mwakani!"

Kiherehere akafungua bomba lote. Magadi yakaingia kwa kishindo, madonge yakatokea, kikorogeo cha umeme kikayasaga. Akachomoka mbio.

Aliporudi, mama alikuwa akiandika kibandiko: *Tone kwa tone.*

"Hongera, mwanangu. Umenisaidia kuliko unavyodhani."

Kiherehere akageukia meza. Chupa mbili zilifanana kama pacha. Hakuna jicho ambalo lingemsuta. Lakini mashine ingesema kwamba njia hazina tofauti, na mama angeyaandika hayo, na watu wangeyaamini.

"Mama, usiandike hivyo. Nilifungua bomba lote. Nilitaka kwenda kuruka kamba."

Mama aliketi taratibu. "Lote?"

"Lote, Mama. Nisamehe."

"Nimekasirika," mama alisema, "na nitakasirika hadi saa sita kamili. Hata hivyo, shaba bado ipo. Lete chupa safi."

Wakaanza upya. Safari hii Kiherehere hakubanduka hadi tone la mwisho.

Jumatatu jioni mama alimwonyesha michoro ya mashine. Magadi ya pupa, yale ya chupa ya kwanza, yalikuwa yamechora vilima butu. Yale ya tone kwa tone yalichora vilele vyembamba, ishara kwamba chembe zilijipanga vizuri.

"Umeona?" mama alisema, akimvutia kifuani. "Kazi ina mwendo wake; ukiukatiza, unapata kitu kingine. Nawe utakosea tena, kama mimi ninavyokosea. Lakini kosa ukilisema mapema, tunaosha chupa na kuanza upya. Ukilificha, wengine watajenga juu yake bila kujua. Juzi ulinikasirisha, mwanangu. Tena ndiyo siku niliyojivunia kuwa mama yako."