Choo Kilichoziba Bigwa

Kila alfajiri Ester alizinduka kwa mlio wa kopo likigonga ndoo uani. Hapo alijua kwamba Bi Mwanaheri anaingia chooni, na kwamba atakayefuata ni Asia, binti yake, kisha mama yake Ester, halafu Ester mwenyewe. Familia mbili zilipanga katika nyumba ile ya Bigwa, zikitumia ua mmoja, bomba moja na choo kimoja. Bi Mwanaheri alikuwa mjane, mzaliwa wa Morogoro mjini, na riziki yake ilikuwa vitumbua alivyokaanga asubuhi na kuuza barabarani. Wazazi wa Ester walitoka juu milimani, Uluguru. Baba yake, Mzee Kasimiri, alifanya kazi kiwandani.

Ester ndiye aliyekuwa mgeni pale. Alilelewa na bibi yake huko Mgeta, akashuka Januari ya mwaka 1978 kuanza darasa la sita. Asia alikuwa mwenzake darasani.

Kwa bibi choo kilikuwa shimo refu, na kando yake kikapu cha magunzi ya mahindi. Mtu akimaliza alijipangusa kwa gunzi, akalitupa shimoni. Choo cha Bigwa kilikuwa cha sinki, cha kumwaga maji. Siku ya kwanza Asia alimwonyesha ndoo na kopo.

"Maji ya kutawadhia haya," alisema. "Au huko kwenu mnatumia majani?" Akacheka.

Ester aliona aibu. "Hata sisi tunatumia maji," akajibu.

Haikuwa kweli. Kujisafisha kwa maji na mkono kulimtia kinyaa. Mama yake alitumia vipande vya gazeti, akaviweka kwenye debe na kuvichoma jioni, lakini hakuwahi kumweleza mwanawe lolote, maana mambo ya chooni hayakuzungumzwa kwao. Basi Ester akawa anaokota magunzi jikoni, anayaficha kwenye khanga, na akimaliza anayatumbukiza kwenye sinki na kuyasukuma kwa maji, kama kwamba pale chini pana shimo la bibi.

Mwezi wa tatu choo kilianza kugoma. Maji yalipanda badala ya kushuka. Walimwaga ndoo nzima yakapungua kidogo, kesho yake yakapanda tena. Siku moja asubuhi uchafu ulifurika hadi mlangoni.

"Mama Ester, ni hayo magazeti yenu!" Bi Mwanaheri alifoka.

"Magazeti yetu tunachoma," mama alijibu, mkono kiunoni. "Tazama matambara yako, Mama Asia. Tena na hayo maji mnayomwaga kutwa kucha!"

"Tunamwaga kwa sababu tunajisafisha! Nyie je?"

Mama aliingia ndani akabamiza mlango. Tangu hapo wanawake hao wawili walipishana uani bila salamu. Ester alikosa hamu ya kula. Alijua.

Mwaka ule redio ilikuwa ikitangaza habari za kipindupindu, na mjumbe wa nyumba kumi hakutaka mchezo. Jumatano alimleta Bwana Afya, kijana mrefu aliyeitwa Leonard.

"Shikamoo," Ester na Asia walimwamkia.

"Marahaba." Alichungulia chooni, akatazama na karai la vitumbua lililokuwa jikoni. "Mama, kuanzia leo usiuze chakula mpaka choo hiki kizibuliwe. Mtatumia choo cha mjumbe. Vifaa vya kuzibulia viko kazini mtaa mwingine, nitavipata Jumamosi. Sasa nani ameingiza kitu humu? Nataka kujua nije na kifaa gani."

Macho ya mama yalitua kwa Ester. "Mwanangu, wewe umeona nini?"

Ulimi wa Ester ulimtangulia. "Nilimwona Asia akitupa tambara."

"Mimi?" Asia alimgeukia. "Ester, mimi?"

Bi Mwanaheri alimshika binti yake mkono akamwingiza ndani. Ester alisikia kilio cha Asia akiapa kuwa hakutupa kitu, na sauti ya mama yake isiyomwamini.

Siku tatu zilizofuata zilikuwa ndefu kuliko wiki. Darasani Asia alihamia dawati la nyuma. Nyumbani mchele uliokwisha kulowekwa kwa ajili ya vitumbua ulichacha, na Bi Mwanaheri akaumwaga kwenye mtaro huku akifuta machozi kwa upande wa khanga. Ester alimwona kupitia dirishani.

Jumamosi Bwana Afya alikuja na waya wenye ndoano ya kunasia tambara. Aliingiza, akavuta, akaingiza tena, jasho likamtiririka. Jua lilipofika utosini alinyanyuka mikono mitupu.

"Hakuna tambara linalonaswa," alisema. "Itabidi tuvunje sakafu tufukue bomba. Ni kazi ya mwezi mzima, mama, na biashara yako itangoja."

Bi Mwanaheri aliketi kwenye kinu kilicholazwa. "Mwezi mzima nitamlisha nini huyu?" alisema kwa sauti ndogo. "Asia, kusanya nguo zako. Kesho utapanda basi la Gairo, ukakae kwa mjomba."

"Na shule, mama?"

"Shule tutaona huko huko."

Asia hakulia tena. Aliingia ndani, akatoka na kikapu, akaanza kukunja sare yake ya shule. Ester alitazama ile sketi ya buluu ikikunjwa mara mbili, mara tatu. Alitamani kukimbia, lakini alijikuta amesimama katikati ya ua.

"Si Asia," alisema.

"Unasemaje?" mama aliuliza.

"Hakutupa tambara. Ni mimi. Nilitupa magunzi. Kila siku. Kwa bibi tunatumia magunzi... niliona aibu kusema." Machozi yalimzidi. "Halafu nikaogopa, nikamsingizia."

Mama alimsogelea kwa hasira, mkono ameuinua, lakini Bwana Afya akaingia kati.

"Ngoja, mama. Magunzi? Gunzi halinaswi kwa ndoano, linasagwa kwa waya wa kuzungusha. Ninao kwenye baiskeli, sikuutumia kwa kuwa ungelisokota tambara likazidi kukwama. Ester, chota maji!"

Ester alibeba ndoo baada ya ndoo kutoka bombani. Bwana Afya alizungusha waya, na vipande vya magunzi vilivyooza vikaanza kupanda, kimoja baada ya kingine, vikinuka vibaya. Ester aliviokota kwa koleo akavifukia nyuma ya nyumba. Alasiri maji yalivuma, yakashuka yote. Bwana Afya aliagiza choo na ua vioshwe kwa dawa, akamruhusu Bi Mwanaheri kurudi kwenye karai lake siku ya Jumatatu.

Mama ndiye aliyezungumza kwanza. "Mama Asia, nisamehe. Nilikutukana bure. Na mwanangu sikumfundisha, nilidhani mambo haya mtu anayajua tu."

"Hata mimi nilimwadhibu mwanangu bure," Bi Mwanaheri alisema. Alimvuta Asia kifuani, kisha akamgeukia Ester. "Njoo hapa."

Ester alikwenda, kichwa chini. "Naomba radhi, Bi Mwanaheri. Asia, nisamehe."

"Mimi bado nimekasirika," Asia alisema.

"Ana haki," Bi Mwanaheri alimwambia Ester. "Sikiliza, binti yangu. Kutumia gunzi si kosa, ndivyo ulivyolelewa. Sisi tumelelewa na maji, mama yako ana gazeti lake, na wote tunataka kuwa safi. Ukifika nyumba ya watu uliza, hata kama ni jambo la chooni, na anayekucheka ndiye mwenye aibu." Asia alitazama pembeni. "Ila kumsingizia mwenzako, hilo ni kosa kubwa. Magunzi yako yalituzibia choo, lakini ni uongo wako uliokaribia kumtoa mwanangu shuleni. Ukikosea, sema siku ile ile, kabla mwingine hajalipa badala yako. Leo umesema kweli mbele ya watu, na mimi nimekusamehe. Asia usimharakishe. Sema kweli kesho, na kesho kutwa, mpaka akuamini tena."

"Ndiyo, Bi Mwanaheri," Ester alijibu, na safari hii aliinua uso akamtazama Asia.